Vitu Vilivyotoka Getini

Kila alipoingia katika mkahawa wowote wa barabara kuu ya Millbrae, Noelene Cusack aliuliza kwanza bei ya kahawa, akacheka mbele ya muuzaji, kisha akaomba maji ya bomba. Hakuwa maskini. Ila alikuwa amefanya biashara maisha yake yote, na aliona ni utovu wa adabu mtu kukutajia bei ya namna ile huku anakutabasamia.

Mji mzima ulikuwa unatabasamu siku hizo. Duka la nati na spana lilikuwa limegeuka mahali pa kuoshea mbwa. Benki imekuwa saluni ya kucha. Na katika ofisi ya chama cha wafanyakazi, ambamo wanaume walikuwa wakipigiana makelele mpaka vioo vinatetemeka, sasa alikaa mwanamke mmoja wa sauti ya chini akiwafundisha watu kupumua.

"Kupumua!" Noelene alimwambia binti yake Janelle. "Mimi nimepumua bure tangu nizaliwe, tena ndani ya moshi wa rangi."

"Ni kwa ajili ya watu wenye mawazo mengi, mama."

"Wangeacha kulipia pumzi, mawazo yangepungua."

Janelle alikuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule kilimani. Katika kazi zote mpya za Millbrae, hiyo peke yake ndiyo Noelene aliyoiheshimu, na ndiyo iliyolipwa kidogo kuliko zote. Hakushangaa. Magazeti ya Sydney yalikuwa yakieleza kwamba uchumi wa nchi umekomaa, viwanda vimepungua na huduma zimekua, kana kwamba Australia ni mtoto aliyeacha kuchezea udongo. Noelene aliisoma habari hiyo mpaka mwisho, akalitumia gazeti kufungia maganda ya viazi. "Maana yake," alisema, "mimi nakukata nywele, wewe unaniogeshea mbwa, jioni tunapongezana, na friji inatoka Thailand."

Lakini mtu asidhani alikuwa akikililia kiwanda. Waliokililia aliwadharau vilevile. Aliingia katika kiwanda cha majokofu cha Brindale akiwa msichana aliyefukuzwa shule, akawekwa karakana ya mabati, na huko akabaki mpaka siku walipozima taa. Alijua vizuri mno friji ya Brindale ilikuwa kitu gani. Ilinguruma kama mzee mwenye mafua, na mlango wake ulianza kulegea kabla hujamaliza kuilipia. Serikali ilikuwa ikikimwagia kiwanda fedha kila kilipolalamika, na kiwanda kilijifunza kulalamika vizuri kuliko kilivyojifunza kutengeneza milango. Wafanyakazi wenyewe walinunua friji za Kijapani wakaziingiza nyumbani usiku, jirani asione.

Kitu kizuri kilichotoka Brindale hakikuwa friji. Kilikuwa "wageni."

Ndivyo walivyoviita vitu vyote ambavyo mtu alijitengenezea mwenyewe, kwa bati la kampuni, kwa mashine ya kampuni, katika saa za kampuni. Kila kiwanda cha nchi ile kilikuwa na wageni wake, lakini Millbrae walikuwa mabingwa. Majiko ya kuchomea nyama, masanduku ya barua, matela, vizimba vya sungura, vitanda vya watoto wachanga. Kwenye friji ya kampuni fundi aliunga pembe moja huku anapiga miayo. Kwenye mgeni wake aliunga pembe, akaisugua, akaipapasa kwa kidole gumba, akaiunga upya. Jiko la kuchomea nyama lililotoka Brindale chini ya gunia liliweza kuzikwa pamoja na mwenyewe likafukuliwa na wajukuu likiwa linang'aa.

Noelene hakuwa fundi bora pale. Alikuwa dalali. Alijua nani anahitaji nini na nani ana nini cha kutoa. Nusu kondoo kwa jiko, kupakwa rangi nyumba kwa tela, na mlinzi wa getini kupewa chombo chake kila Krismasi ili shingo yake isigeuke upande usiotakiwa. Mabosi nao walikula humo humo. Hapakuwa na meneja aliyehamishwa Millbrae akaondoka bila jiko lake.

Basi Brindale walipotangaza kwamba kiwanda kinafungwa, wanaume walisimama getini wakilia mbele ya kamera. Noelene hakulia. Alikuwa na kazi. Karakana ilikuwa na mashine kubwa za kukunja mabati, ambazo tayari zilikuwa zimeuzwa ng'ambo, na ilikuwa na moja ndogo, ya zamani, yenye meno mazuri ajabu, ambayo katika karatasi ilikuwa imeandikwa chuma chakavu. Noelene alimpatia dereva wa lori la chuma chakavu jiko la nyama ambalo dereva huyo alikuwa akilitamani tangu kale. Lori lilipita nyuma ya shamba la shemeji yake, Merv Tonkin, likaenda zake likiwa jepesi kidogo. Mashine ikalala katika banda la Merv la kukatia manyoya ya kondoo, chini ya turubai. Huyo ndiye mgeni mkubwa kuliko wote waliowahi kutoka Brindale.

Na hapo ndipo Noelene alipokwama. Kwa sababu aliona kitu ambacho wale wenye kulia na wale wenye kupumua hawakukiona. Kila mkahawa mpya ulihitaji meza ya chuma kisichoshika kutu. Kila saluni ya mbwa ilihitaji beseni. Nyumba ya wazee ilihitaji vyuma vya kushikia kila hatua ya bafuni. Huduma, huduma, lakini hakuna anayehudumia hewani, na meza hizo zilikuwa zikija kwa meli kutoka China, fupi kwa ukuta huu, ndefu kwa ule. Noelene angeweza kuzikunja kwa kipimo, kesho yake zimefika. Ila fundi wa umeme hakuruhusiwa kuunganisha mashine isiyo na bima, bima haikuandika mashine isiyo na karatasi ya umiliki, na namba ya mashine ilikuwa imegongwa ubavuni, wazi kama jina juu ya kaburi. Alihitaji karatasi moja kutoka Brindale inayosema mashine ni yake. Angeiombaje bila kusema aliipataje?

Ndipo akaja Tristan Oakeshott.

Huyu Tristan aliletwa na halmashauri kulifanya jengo la kiwanda kuwa kitu. Kitu gani, yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Ilitegemea siku. Brindale walikuwa wamelitoa jengo kama zawadi, kwa masharti kwamba jina lao libaki juu ya mlango. Maana Brindale ilikuwapo bado. Haikutengeneza chochote. Ilinunua friji Thailand, ikabandika jina, ikaajiri watu wa kupokea simu za malalamiko.

Tristan alimkuta Noelene akichimbua karoti nyuma ya nyumba, ardhi ngumu kwa baridi.

"Bibi Cusack, tunaandaa maonyesho ya ufunguzi. 'Kimetengenezwa Millbrae.' Tunataka watu walete vitu vilivyotoka kiwandani. Kila mtu ananiambia niongee na wewe."

"Friji?"

"Tumepata tatu. Moja ina nyoka ndani."

"Na huyo msimwache. Ndiye wa kwanza kuridhika na friji ya Brindale." Noelene alipangusa karoti kwa kidole. "Unachotaka wewe ni wageni. Hukutumwa tu kusema hivyo."

Tristan alikohoa. "Nimesikia neno hilo, ndiyo."

"Hakuna mtu atakayeleta mali ya wizi chini ya taa za halmashauri, kijana wangu, labda awe mwendawazimu. Nenda kwa Brindale. Waambie waandike kwamba kila kitu cha kampuni kilichotoka getini, hawakidai tena. Kila kitu. Waniletee mimi karatasi yenye sahihi. Nikishaipata, nitakujazia jengo lako mpaka upite kwa ubavu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi? Mimi ni mama mzee anayependa historia."

Tristan aliandika "anapenda historia." Noelene alimwona anaandika, akamhurumia kidogo, halafu akaacha.

Mpango ulikuwa safi. Watu wanataka kuonyesha, halmashauri inataka kuonyeshwa, Brindale wanataka kupendwa, na mlango wa kupitia ni mmoja, na funguo anazo Noelene. Akawapitia wote nyumba kwa nyumba: msitoe hata kijiko mpaka niseme. Wakaapa. Bosko Ilić, fundi wa kuunga vyuma, ambaye alikuwa ameunga wageni wengi kuliko mtu yeyote aliye hai, aliapa kwa kaburi la mama yake.

Lakini watu wa Millbrae walikuwa wamekaa miaka mingi bila mtu kuwauliza walifanya nini maishani. Sasa wameulizwa, hawakuweza kungoja. Halmashauri ilipofungua mlango wa jengo ili watu waje tu kuangalia mahali, Bosko alifika na kitanda cha mtoto begani, kimesuguliwa upya, kina kibao shingoni: *Kimeungwa na Bosko Ilić, zamu ya jioni.* Nyuma yake jirani yake akiburuta jiko. Nyuma ya jirani mjane mmoja na sanduku la barua lenye umbo la kanisa. Kufikia wakati wa chai uwanja wa ndani wa jengo umejaa, kila kitu kina jina la fundi, zamu, na wengine waliongeza kwa fahari namna kilivyopitishwa: *chini ya koti la mvua, ndani ya pipa la taka, mlinzi alishika upande wa pili.* Wakasimama kando ya vitu vyao wakajirekodi kwenye simu na kuwatumia watoto wao Brisbane. Wezi wa duniani kote huficha majina. Wa Millbrae waliyachonga.

Noelene alifika amechelewa, akasimama mlangoni, akafumba macho.

"Noelene! Njoo uone!" Bosko alikuwa mwekundu kwa furaha. "Umekiona kitanda? Pita kidole hapo. Pitisha! Unasikia kiungo? Husikii!"

"Nasikia mpumbavu mmoja akiongea. Nilikwambia nini?"

"Ah, we nawe. Kila kitu kwako ni biashara."

"Ndiyo. Nilikuwa nauza funguo, Bosko. Ninyi mmekuja mmevunja mlango. Sasa nimuuzie nani?"

"Hakuna atakayetushtaki. Tumezeeka."

"Uzee wako utampeleka wapi wakili? Umeandika jina lako na zamu yako, na wenzako wamemtaja mpaka mlinzi. Umebakiza tu kumwekea chai."

Siku ya tatu alikuja mtu wa Brindale kutoka Sydney. Jina lake Garth Willoughby, na cheo chake kilihusu kulinda heshima ya jina la kampuni, yaani kazi yake ilikuwa kuchunga kibandiko. Noelene alikuwa tayari kumdharau, akaona amekosea. Mtu huyu alizunguka uwanja mzima kimya, akagonga jiko moja kwa kucha, akasoma vibao vyote bila kucheka, kisha akawafukuza Tristan na wengine kwa adabu, akavuta viti viwili.

"Wewe ndiye Cusack. Tristan anasema unapenda historia."

"Tristan anasema mengi."

"Hii ni mali ya kampuni, mama. Yote. Na maungamo yameandikwa kwa mkono."

"Basi chukua," alisema Noelene. "Leta malori. Ila usiishie hapa uwanjani. Reli ya madhabahuni pale kwa Wakatoliki ni bati lenu. Vyuma vya bafuni vya nyumba ya wazee, bati lenu, kwa hiyo mzee anayeshikilia itabidi umwambie aachie. Meya ana jiko. Mkuu wa polisi aliyestaafu alipewa majiko mawili, maana la kwanza alimwozea nalo binti. Anza na yeye, magazeti yapige picha. Jina lenu litapendeza."

Willoughby alitikisa kichwa. "Unajua siwezi kufanya hivyo."

"Najua."

"Na wewe unajua siwezi kutoa sahihi bure, ilhali mmeshaniletea vitu vyote bila kunidai chochote."

"Najua," alisema Noelene, na ilimuuma. Laiti Bosko angekaa nyumbani na kitanda chake.

"Nitaandika hivi. 'Vitu vyote vilivyotengenezwa na wafanyakazi.' Mko huru. Kila mtu atafurahi."

"Andika 'vitu vyote vya kampuni vilivyotoka getini.'"

Willoughby aliinua kalamu. Hapo ndipo Noelene alipojua kwamba mbele yake ameketi mtu wa sokoni.

"Kuna kitu kimetoka getini ambacho hakikutengenezwa na wafanyakazi," alisema Willoughby taratibu. "Kikubwa?"

"Ningekuwa wewe nisingeuliza. Ukijua, itabidi uripoti."

"Kinafanya kazi?"

"Mkiwa nacho ninyi kilikuwa chuma chakavu. Kwa karatasi zenu wenyewe."

Willoughby alicheka kwa mara ya kwanza. "Sawa. Nitaandika unavyotaka. Bei yake ni wewe."

"Mimi nina miaka sitini na tatu, baba. Umechelewa."

"Tangazo la televisheni. Unasimama hapa hapa, umevaa ovaroli ya zamani, mkono juu ya friji mpya. Unasema: 'Brindale. Mikono yetu imo ndani yake.' Halafu unatabasamu."

"Friji ya Thailand."

"Friji nzuri, kwa kweli. Nzuri kuliko zenu."

"Hilo silikatai. Kwa nini mimi? Chukua Bosko. Atalia bure."

"Kwa sababu Bosko akisema, watu wataona mzee anayelia. Wewe ukisema, wataamini."

Noelene alifikiria mwalimu wa pumzi, alifikiria muuza kahawa na meno yake. Maisha yake yote hakuwahi kuuza kitu ambacho mnunuzi hawezi kukigonga kwa kucha. Sasa mtu huyu anataka kununua uso wake, akaubandike juu ya kazi ya wanawake wa Rayong, kule Thailand, ambao hajawahi kuwaona. Uchafu mtupu. Akaupima uchafu huo, akaupima na mashine iliyolala chini ya turubai huku mavi ya kondoo yakiizunguka.

"Karatasi kwanza," alisema. "Ina sahihi, ina muhuri, na wakili wa mjini ameisoma. Halafu tabasamu."

"Karatasi baada ya tabasamu."

"Karatasi mkononi mwa wakili, tabasamu, karatasi mkononi mwangu. Na bati la chumba cha ghala mlilotelekeza, lile lililobaki kwenye marobota, nalo limetoka getini."

"Bado halijatoka."

"Kufikia wakati unatoa sahihi litakuwa limetoka."

Willoughby akampa mkono.

Walirekodi Ijumaa. Nje umande uliganda juu ya nyasi, ndani wakawasha taa kali mpaka Noelene akatoka jasho ndani ya ovaroli ya mtu mwingine, maana ya kwake alishaikata matambara. Mara ya kwanza alisema maneno vizuri ila tabasamu halikuja. Mara ya pili lilikuja upande mmoja, na mwongozaji, msichana mwenye kofia ya sufu, akasema, "Unaonekana kama unataka kumng'ata mtu, mama. Fikiria kitu unachokipenda."

Noelene akafikiria bei ya meza iliyokunjwa kwa kipimo. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

"Hapo hapo!" msichana alipiga kelele. "Ni wa kweli kabisa! Naweza kulia!"

Bosko alikuwa amesimama nyuma ya kamba akitazama. Walipozima taa alimfuata mpaka kwenye gari.

"Nimeona mengi, Noelene. Sikudhani nitakuona wewe ukiwachekea hao."

"Nimeuza alasiri moja."

"Umejiuza."

"Na wewe je? Uliwauzia hao hao ujana wako wote, wakakupa mkono wa kuaga na pai ya nyama. Mimi nimepata karatasi. Sogea, nina lori la kupakia."

Bosko akasimama hapo hapo. Kisha, kwa sababu hakujua kukaa mahali kazi inapofanyika bila kuifanya, akashika ncha ya pili ya robota la bati.

Mashine ilipita barabara kuu mchana kweupe, imefungwa minyororo juu ya tela la Merv, namba yake ubavuni inasomeka. Watu walitoka saluni na mikahawani kutazama. Wengine walipiga makofi, hata mwalimu wa pumzi, na Noelene hakumpungia mtu mkono. Fundi wa umeme aliunganisha, mtu wa bima akaandika, na wiki hiyo hiyo mwenye mkahawa uliokuwa benki ya pili zamani, kijana aitwaye Jarrah, akaja kutaka meza. Alikuwa ameona tangazo.

"Lilinigusa sana, Noelene. Kweli. Na kwa kuwa sote ni wa hapa hapa, nilikuwa nafikiri labda bei ya jirani…"

"Meza ya China inakuja lini?"

"Miezi miwili. Na ya mwisho ilizidi ukuta."

"Yangu Alhamisi, na ukuta nimeshaupima, jana ulipokuwa unamtengenezea mwenzako povu la kahawa. Kwa hiyo bei ya jirani ipo, ila ni ya juu. Wa mbali ndiye ningempunguzia, ana njia nyingine."

Jarrah alitabasamu, akingoja naye atabasamu. Noelene alikuwa ameshageuka kuwasha mashine.